Mama Anatua Heathrow Peke Yake: Apande Treni au Teksi?

"Mama yangu ana miaka 63, anauza nafaka hapa Nakuru, soko la Wakulima. Mwezi ujao anaenda London kumwona dada yangu aliyejifungua, ambaye anakaa Woolwich. Ni safari yake ya kwanza ya ndege. Shemeji siku hiyo ana zamu ya asubuhi, na dada bado hajapata nguvu za kwenda mpaka Heathrow na mtoto mchanga. Teksi tumeambiwa pauni 90, na pesa hizo zinatuuma. Rafiki mmoja anasema apande treni tu. Mwingine anasema mama hajui Kiingereza, atapotea siku ya kwanza. Ana mabegi mawili makubwa, na goti moja linamsumbua kwenye ngazi. Tufanye nini?"

Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeuliza habari ya nauli, lakini naona kinachokunyima usingizi ni picha ya mama akiwa amesimama peke yake katikati ya umati wa watu wenye haraka, hajui ageuke kulia au kushoto. Nitaanza na hofu hiyo. Ikipata jibu, habari ya nauli itakuwa nyepesi.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaandaa wasafiri wa kutoka huku kwetu, wengi wao wazazi wanaokwenda kuwaona wajukuu. Nimeona wanaopotea na nimeona wanaofika. Kiingereza mara nyingi hakikuwa ndicho kilichowatenganisha. Mama yako anasoma Kiswahili, kwa hiyo herufi za vibao vya London anazijua zote. Akiandikiwa neno "Woolwich" kwenye karatasi, ataliona kwenye kibao hata kama hawezi kulitamka. Tena ni mtu ambaye miaka yote ameenda steji jioni, makanga wakimvuta huku na huku, na akapanda gari la kwao bila kukosea. Steji ya London ina utulivu kuliko hiyo. Hakuna anayekuvuta mkono, na jina la kituo cha mwisho limeandikwa kwenye ubao wa taa kabla treni haijafika.

Wanaopotea ni wale waliopewa maelezo mengi mno. Ukimwambia mtu "unaweza kupanda hii, au ile, au ukishindwa ubadilishe pale", umempa njia tatu za kukosea. Mpe mama njia moja, kadi moja, na jina moja la kusoma.

Kabla ya yote, soma tiketi. London ina viwanja vya ndege kadhaa, na maelezo ya kimoja hayafai kingine. Tafuta herufi tatu: LHR ni Heathrow, LGW ni Gatwick, ambacho kiko kusini, mbali kabisa na Heathrow. Yote ninayokueleza hapa ni ya Heathrow peke yake. Ukishahakikisha hilo, angalia pia nambari ya jengo la abiria. Majengo yanayotumika ni la 2, la 3, la 4 na la 5. La 2 na la 3 yanatumia kituo kimoja cha treni, la 4 lina chake na la 5 lina chake.

Sasa, njia zenyewe. Kutoka Heathrow kuingia mjini kuna treni za aina tatu, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata wenye Kiingereza kizuri.

Ya kwanza ni treni ya chini ya ardhi iitwayo Piccadilly, ambayo ramani huichora kwa rangi ya buluu iliyokoza. Imefika uwanjani tangu 1977 na ndiyo ya bei nafuu: mwaka 2025 ilikuwa pauni 5.80 mpaka katikati ya jiji. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni hiyo ndiyo ningemwambia apande. Lakini mabehewa yake ni madogo, inasimama vituo vingi, na haifiki Woolwich. Mama angelazimika kushuka katikati ya jiji na kutafuta treni nyingine akiwa na mabegi na goti bovu. Iache.

Ya pili inaitwa Heathrow Express. Hiyo inakimbia bila kusimama mpaka kituo cha Paddington kwa muda wa dakika 15 hivi, na mwaka 2025 aliyeipanda bila kukata tiketi mapema alilipa pauni 25. Haraka hiyo haimfai mama yako kwa sababu inaishia Paddington, na Woolwich iko upande wa pili kabisa wa jiji, mashariki.

Ya tatu ni Elizabeth, na hiyo ndiyo yake. Ilifunguliwa Mei 2022. Inatoka uwanjani, inapita katikati ya jiji chini ya ardhi, na kwa anayepandia kituo cha majengo ya 2 na 3 au cha jengo la 4, inafika Woolwich bila abiria kubadilisha treni hata mara moja. Safari ni ya saa moja hivi. Treni ni ndefu, ina nafasi, na kwa kuwa anapandia karibu na inapoanzia, atapata kiti. Nauli yake ni zaidi ya ile ya Piccadilly, inapita pauni 12. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi elfu mbili, lakini ukiiweka kando ya pauni 90 za teksi unaona tofauti.

Mwambie mama imepewa jina la yule malkia aliyerithi ufalme akiwa Treetops, Nyeri, Februari 1952. Wazee wetu wengi wanaijua habari hiyo. Mkiita "treni ya Malkia" nyumbani, jina halitamtoka.

Kuna mtego mmoja ambao lazima aujue. Heathrow Express na Elizabeth hutumia majukwaa yaleyale kwenye kituo cha majengo ya 2 na 3, na vilevile kwenye jengo la 5. Mtu anaweza kusimama mahali sahihi akapanda treni isiyo yake kwa sababu tu ndiyo iliyofika kwanza. Kadi yake itakatwa ile nauli kubwa, na atashushwa Paddington. Usimfundishe kutegemea rangi peke yake, maana zambarau ataiona kote. Mfundishe kusoma kituo cha mwisho kwenye ubao na kwenye uso wa treni: ABBEY WOOD. Hilo ndilo jina la kusubiri. Akitua jengo la 5, ambako treni za Elizabeth kwa kawaida huenda Shenfield, apande ya Elizabeth mpaka kituo cha majengo ya 2 na 3, kisha alisubiri jina hilo hapo. Ikija treni imeandikwa Paddington au Shenfield, aiache ipite, hata kama watu wote wanaipanda. Ya Shenfield pia ni ya Elizabeth na inapita mjini vilevile, ila baada ya kituo cha Whitechapel reli inagawanyika: mkono mmoja unaenda Stratford hadi Shenfield, mwingine unaenda Canary Wharf, Custom House, Woolwich, na kumalizikia Abbey Wood.

Sasa nieleze malipo, maana hapa matatu zetu zimetuzoeza vingine kabisa. Huko hakuna konda. Hakuna wa kumpa noti wala wa kumtumia M-Pesa. Hata mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Badala ya konda kuna geti lenye mashine ya duara ya rangi ya manjano. Unaigusisha kadi, geti linafunguka, na mfumo unaandika kwamba umeingilia Heathrow. Ukifika, unaigusisha kadi ileile tena, mfumo unaona umetokea Woolwich, halafu ndipo unapiga hesabu ya nauli. Jiji limegawanywa kwa kanda za duara, ya 1 ikiwa katikati, na Heathrow iko kanda ya 6. Bei hutegemea kanda ulizopita, kwa hiyo bila mguso wa pili mfumo haujui ulishukia wapi. Ni kama umepanda gari la Nairobi ukashuka Gilgil bila konda kukuona. Atakuhesabia nauli ya mpaka Nairobi. Mfumo nao hukata kiwango cha juu kabisa. Mzee mmoja niliyemwandaa aliingilia kwa kadi ya benki akatokea kwa nyingine, zote zikiwa kwenye pochi moja, na mfumo ukamhesabia safari mbili ambazo hazikuisha. Pesa zilirudi baada ya binti yake kudai, lakini siku ya kwanza ugenini hilo linamvunja mtu moyo.

Kwa hiyo: kadi moja, nje ya pochi, mkononi. Inaweza kuwa kadi ya benki ya mama mwenyewe, ya Visa au Mastercard, yenye ile alama ya mawimbi manne madogo. Nenda naye benki wiki mbili kabla, ana kwa ana, muulize kama imefunguliwa kutumika nje ya nchi na benki itakata ada kiasi gani. Usiridhike na jibu la "nadhani itafanya kazi". Kama mama hana kadi ya namna hiyo, dada yako anunue kadi ya usafiri ya huko iitwayo Oyster, aiwekee pauni 30, ampe mtu anayekuja likizo Kenya au aitume kwa posta. Binafsi napendelea hiyo ya Oyster kwa mgeni. Haiunganishwi na akiba yake ya benki, ikipotea kilichopotea ni kidogo, na anapanda ndege tayari ameishika.

Tuje kwenye mabegi, maana hapo ndipo ninapohofia zaidi, kuliko Kiingereza na kuliko treni. Mabegi mawili makubwa ni mzigo wa kijana. Elizabeth ina lifti Heathrow na ina lifti Woolwich, kwa hiyo mama anaweza kufika bila kupanda ngazi hata moja, na hiyo ni sababu nyingine niliyoichagua. Lakini lifti haimbebei begi kutoka kwenye lifti mpaka kwenye treni. Ana mikono miwili. Mmoja utashika kadi na karatasi, kwa hiyo umebaki mmoja.

Keti na dada yako mjadiliane kwa uwazi ni nini hasa kinahitajika kule. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa Uingereza na msafiri kutoka kwetu, iwe nyama kavu, iwe mursik, hata kama vimefungwa vizuri na vimebebwa kwa mapenzi makubwa. Vitachukuliwa. Hivyo vikiondoka, na yale mablanketi ambayo London yanauzwa kila kona yakibaki Nakuru, begi moja la magurudumu manne linatosha, pamoja na mkoba wa kuvaa begani. Kama baada ya kujadiliana bado mabegi ni mawili makubwa, nitakwambia bila kusita: kodini teksi. Pauni 90 zitauma, lakini kuanguka na goti lile kwenye jukwaa kutauma zaidi. Teksi hiyo dada yako aikodi mapema kwa kampuni yenye leseni, na dereva asimame ukumbi wa kutokea akiwa na jina la mama kwenye karatasi. Mtu yeyote atakayemfuata mama ndani ya uwanja akimwambia "taxi, taxi", amkatalie. Magari ya kukodi huko, ukiacha teksi zenye mita zinazopanga foleni mahali pake, ni lazima yawe yamekodiwa kabla.

Lipo pia basi la masafa kutoka uwanjani hadi stendi ya Victoria, mzigo ukiwekwa chini kwenye buti kama mabasi yetu ya usiku. Lingekuwa zuri kama dada angekuwa anakaa karibu na Victoria. Kwa Woolwich linakuongezea safari ya pili.

Kuhusu muda: ndege nyingi za usiku kutoka Nairobi hufika Heathrow alfajiri au asubuhi. Usimwambie dada aanze kuhesabu dakika tangu ndege ilipotua. Mwenye pasipoti ya Kenya hapiti kwenye mageti ya mashine. Anapanga foleni mbele ya ofisa, na foleni hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Halafu kuna kusubiri begi. Saa mbili ni kadirio la haki. Ofisa atamuuliza anaenda kwa nani na atakaa siku ngapi. Ajibu ukweli, kwa ufupi, kwa Kiswahili kama ndicho anachokiweza, aombe mkalimani, na awe na karatasi yenye anwani na nambari ya simu ya dada. Asimkubalie mtu wa foleni amjibie.

Simu isiwe tegemeo pekee. Heathrow ina intaneti ya bure, kwa hiyo akishatoka kwa ofisa anaweza kumpigia dada kwa WhatsApp, lakini betri huisha na mikono hutetemeka. Mwandikie karatasi, kwa herufi kubwa na wino mweusi. Upande mmoja uwe wa mama, kwa Kiswahili: treni ya Malkia, soma ABBEY WOOD, shuka WOOLWICH, gusisha kadi kuingia na kutoka. Upande wa pili uwe wa kuwaonyesha wafanyakazi wa kituo, kwa Kiingereza, useme anaenda Woolwich kwa Elizabeth na anaomba kuelekezwa. Vituo vya Elizabeth vina wafanyakazi kuanzia treni ya kwanza hadi ya mwisho, na kumsaidia abiria kufika jukwaani ni sehemu ya kazi yao, hahitaji kuwa ameweka nafasi. Wengi wa wazazi wetu huona haya kuuliza, wanaona kama wanasumbua. Mwambie mapema kwamba kuuliza aliyevaa sare si kujidhalilisha.

Na mfanye mazoezi hapa hapa. Mpeleke kwenye jumba lolote lenye ngazi za umeme, apande na kushuka mara tano, hata kama London atatumia lifti, kwa sababu lifti siku nyingine huwa na foleni. Mwonyeshe kwamba huko watu wasiotembea kwenye ngazi hizo husimama upande wa kulia. Chukua kadi, igusishe kwenye ukingo wa meza: "nimeingia". Zunguka nyumba, igusishe tena: "nimetoka". Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mkono unaoshika mazoea hausahau hata kichwa kikiwa kimechoka kwa usiku mzima wa ndege.

Kuna hali ambazo treni siipendekezi kabisa. Kama mama ameanza kusahausahau, kama hawezi kusimama dakika 20 bila kukaa, kama ana presha au sukari isiyotulia, au kama macho hayasomi kibao cha mbali, basi lazima mtu awe ukumbini akimsubiri, hata ikibidi shemeji abadilishane zamu au tarehe ya tiketi isogezwe. Kwa goti lenyewe, mwone daktari kabla ya safari, na umweleze ni saa ngapi atakaa kwenye ndege, maana miguu kuvimba na damu kuganda ni mambo ya kujadiliwa na anayemwona mgonjwa mbele yake. Pia pigia shirika la ndege angalau siku mbili kabla uombe asindikizwe kwa kiti cha magurudumu kutoka mlangoni mwa ndege. Ni bure, na anayemsukuma hupita naye uhamiaji na kwenye mabegi. Usione kiti hicho kama aibu. Kitayalinda magoti yake kwa ajili ya sehemu inayobaki. Mama amwombe msindikizaji amfikishe mpaka kwenye lifti za treni.

Safari ya kutoka Nakuru hadi JKIA sitaingia kwa undani. Mtoke mapema kuliko mnavyodhani, hasa na ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na mkumbuke matatu nyingi za shuttle hukushusha katikati ya Nairobi, siyo uwanjani.

Dada yako asijaribu kwenda Heathrow. Kazi yake ni kuwa kituo cha Woolwich, ng'ambo ya geti, amesimama mahali ambapo mtu anayetoka kwenye lifti atamwona. Kama hana nguvu ya kusimama, jirani amwakilishe, na mama apelekewe picha ya jirani huyo mapema.

Na akisinzia je, akapitiliza? Nimelifikiria hilo pia. Baada ya Woolwich kinabaki kituo kimoja tu, Abbey Wood, na hapo treni inaishia. Mwambie akijikuta huko asihangaike wala asitoke getini. Akae kwenye benchi, amwonyeshe mfanyakazi karatasi yake, apandishwe treni inayorudi, kituo cha kwanza ndicho chake.